Gari Lililoinua Pua

Mama Mkubwa wangu ana miaka sitini na mmoja, goti moja zima, pikapu ya zamani na tela lenye kitanda ndani. Ukimwondolea hivyo viwili vya mwisho, unambakizia umri na maumivu ya mguu. Wapo waliotaka kumwondolea. Nitaeleza ilivyokuwa, na kama nitaonekana nina upande, ni kweli ninao.

Yeye ni fundi wa miwani. Si daktari wa macho, na ukimwita daktari anakusahihisha hapo hapo mbele za watu. Alifanya kazi miaka kumi na tisa katika duka la miwani mjini kwetu, akisaga lenzi chumba cha nyuma huku mwenye duka akipokea sifa chumba cha mbele. Duka lilipofungwa, wenzake walitafuta maduka mengine. Yeye alisema wenye macho mabovu hawakai mjini peke yao. Akanunua pikapu, akamtafuta fundi wa kuchomelea, akamchorea kwenye karatasi ya gazeti tela analolitaka: mlango nyuma, dirisha mbele, kitanda katikati, makabati ya lenzi ubavuni, na paa la turubai linaloinuliwa kwa mkono. Sasa ni mwaka wa kumi na mbili anakwenda kwenye miji midogo isiyo na duka la miwani. Anakaa siku mbili tatu penye soko au shule, anapima watu, anasaga lenzi, anapasha fremu kwenye kibati cha mchanga wa moto mpaka zilegee, anazikunja zikae vizuri nyuma ya masikio ya mwenyewe, kisha anahama. Analala humo humo ndani ya tela.

Nilimsindikiza safari moja. Bibi mmoja alivaa miwani yake ya kwanza, akageuka kumtazama mumewe kwa muda mrefu, akasema, "Kumbe ndivyo ulivyo!" Soko zima lilicheka. Mume naye alicheka, ila si sana. Mama Mkubwa alikuwa ameshaanza kumpima anayefuata.

Mushkeli ulikuwa kwenye kadi ya gari. Siku alipoinunua ile pikapu hakuwa na leseni, na muuzaji akataka jina la mtu mwenye leseni. Mjomba, ambaye ni kaka yake mkubwa na alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, akaandikisha jina lake. "Karatasi tu hiyo," alisema. Karatasi tu ikakaa kimya miaka yote hiyo, hadi gari lilipoanza kulala nyuma.

Lilianza mwaka jana, alipoiacha mashine yake ya kukanyaga kwa mguu, kwa ajili ya goti, akanunua ya umeme. Ilikuwa ya mitumba, nzuri sana, yenye kitako cha chuma ambacho wanaume wanne walikishusha wakiguna. Mashine ya umeme ikataka betri mbili. Jiwe la kusagia likataka maji muda wote, kwa hiyo likaja pipa la lita mia. Akavipanga vyote mbele ya tela, chini ya dirisha. Kuanzia safari ya kwanza, kila akifunga tela kwenye pikapu, gari lilichuchumaa nyuma na kuinua pua, kama mtu anayenusa sufuria ya jirani. Taa za mbele zikawa zinamulika matawi ya miti. Madereva waliokutana naye walimwashia taa na kumtukana, naye aliwarudishia, maana hana deni la matusi.

Kisha mkaguzi wa magari akalikataa. Aliandika kwamba nyuma limelala na taa zinamulika juu, akampa wiki moja: lirudi siku ya Ijumaa, likiwa na tela na mzigo wake kama linavyosafiri, likiletwa na mwenye kadi.

Mwenye kadi alifika kwetu kesho yake. Mimi ni mshonaji, na chumba changu cha mbele ndicho karakana, kwa hiyo Mjomba alikaa kwenye kiti changu cha cherehani bila kuulizwa. Mama Mkubwa alikuwa amekaa chini, ananyoosha fremu.

"Gari limechoka, na wewe umechoka," alisema Mjomba.

"Aliyekwambia nimechoka ni nani?"

"Chumba cha nyuma pale kwangu ki wazi. Njoo ukae, upumzike. Kuna muuza kokoto anaitaka hiyo pikapu hata leo. Mkaguzi akiikataa tena Ijumaa hiyo, mimi natia sahihi ya kuiuza. Jina ni langu."

"Jina ni lako. Na jasho?"

"Mdogo wangu, asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Guu limeshavunjika, kaka, likaungwa. Leta lingine."

Mjomba alikunywa chai yangu, akaondoka, na mlangoni akaniambia nimshauri mama yangu mkubwa, kana kwamba amewahi kushaurika. Nilijua anachokisema si maneno tu. Akishasema mbele ya muuza kokoto, hawezi kurudi nyuma, ndivyo alivyo. Mama Mkubwa naye alijua. Alizikunja fremu tatu vibaya jioni ile, jambo ambalo sijawahi kuliona.

Asubuhi tulikwenda kwa fundi wa springi, yule wanayemwita Nyundo. Karakana yake ni kibanda cha mabati chenye harufu ya grisi, na mlangoni pamelundikwa mabamba ya springi ya kila gari lililowahi kufa mjini. Nyundo alipiga magoti, akachungulia chini, akacheka.

"Mama, hili jambo dogo. Nyuma hapana nguvu. Naongeza mabamba matatu kila upande, litasimama kama askari."

Akaongeza. Ilimchukua siku nzima, na alipomaliza tukafunga tela na mzigo wake wote. Kweli, lilisimama. Nyuma pakawa sawasawa na mbele, ungeweza kupanga vikombe juu ya kingo za bodi. Majirani wa karakana walikuja kutazama. Mjomba alipita akiwa na sababu zake za kupita, akalitazama, na uso wake ukashuka kidogo. Mimi nilipiga vigelegele peke yangu, sina aibu.

Mama Mkubwa akaingia, akawasha, akaenda nalo mpaka mzunguko wa barabara kuu na kurudi. Aliposhuka aliubamiza mlango.

"Haunisikii," alisema.

"Nini hakikusikii?" aliuliza Nyundo.

"Usukani. Nakata kona, gari linafikiria kwanza. Nafunga breki, mbele panateleza. Lilikuwa hivyo hivyo kabla, nikadhani ni ule mlalo wa nyuma. Mlalo umeondoka na ugonjwa umebaki."

Nyundo alimtazama kwa huruma, na huruma ile ilinikera kuliko tusi. "Mama, gari limesimama. Kila mtu analiona. Labda ni mikono. Umri nao ni mzigo."

Mjomba alitikisa kichwa tu, taratibu, ili aliyetaka kukiona akione.

Tulirudi nyumbani. Mama Mkubwa aliingia ndani ya tela lake uani, akakaa kitandani, akaniuliza swali ambalo sikulitegemea. "We mwanangu, sema kweli. Nimezeeka mikono?" Niliogopa kujibu, kwa sababu nilimwona anaogopa. Huyu mwanamke amewahi kumfukuza mwizi kwa kibati cha mchanga wa moto. Sasa alikuwa anaogopa kwamba kaka yake anasema kweli. Nilimwambia mikono inayokunja fremu nyembamba vile haijazeeka. Akanitazama akipima kama namvika kilemba cha ukoka. Kisha akanyoosha mkono.

"Niazime futi yako."

Nilimpa ile ninayopimia viuno vya wateja. Alishuka, akafungua tela kutoka kwenye pikapu, akaenda mbele ya gari. Nilimwambia amekosea upande. Alipima kutoka ardhini hadi ukingo wa madigadi juu ya gurudumu la mbele: sentimita themanini na nne. Akafunga tela tena, akapima pale pale: themanini na saba. Akapima upande wa pili: themanini na saba.

"Unaona?" aliuliza.

"Sioni."

"Mabamba yote yale ya Nyundo, na bado mbele panainuka sentimita tatu nikifunga tela. Wote tumekuwa tunatazama makalio ya gari. Hakuna aliyelitazama uso." Akakaa juu ya ndoo, akanieleza taratibu, jinsi anavyowaeleza watu kwa nini lenzi nene upande mmoja inapinda mwanga. Shingo ya tela, ule mkono wa chuma wa mbele, inakandamiza ndoano ya pikapu, na ndoano iko nyuma ya magurudumu ya nyuma. Ukikandamiza pale, upande wa pili unainuka, kama ubao wa watoto wa kubembea. Magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo yanayokata kona na kufunga breki kuliko yote, yanabaki yanagusa lami kwa adabu tu. Springi ngumu inainua nyuma, macho ya watu yanaridhika, lakini uzito uko pale pale ulipokuwa. "Tumepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa," alisema, "na mimi nikashukuru."

Nilifurahi mpaka nikasahau kuwa nina magauni mawili ya harusi mezani.

Akataka kujua shingo inabeba kiasi gani. Mizani tuliyokuwa nayo ni ile ya kupimia watu, na inaishia kilo mia na thelathini. Alipojaribu kuweka shingo juu yake, sindano ilizunguka ikagonga mwisho. Basi akatafuta ubao imara. Ncha moja akaiweka juu ya tofali, ncha nyingine juu ya mizani, akarudisha sindano kwenye sifuri ubao ukiwa tayari juu. Akaishusha shingo ya tela juu ya ubao, hatua moja kutoka kwenye tofali na hatua mbili kutoka kwenye mizani, ili mizani ibebe theluthi tu ya uzito. Mizani ikasoma hamsini na nane. Hamsini na nane mara tatu ni mia moja sabini na nne.

"Kilo mia na sabini na nne," alisema. "Nimemkalisha Mjomba wako mkiani mwa gari miezi yote hii, akiwa ameshiba na ameshika mifuko miwili ya saruji."

Tela lenyewe lilishapimwa kwenye mizani ya ghala la nafaka: kilo mia tisa arobaini na mzigo wake. Fundi aliyelichomelea alimwambia siku ya kwanza kwamba shingo ibebe fungu moja katika kumi ya uzito wa tela, ikizidi kidogo si neno, na Mama Mkubwa aliyaandika maneno hayo kwa kalamu ya risasi ndani ya mlango wa kabati. Miaka kumi na miwili yalikuwa hapo, nyuma ya boksi la fremu za watoto. Aliyasoma, akaufunga mlango wa kabati.

"Kosa ni langu," alisema. "Mashine niliiweka mbele mimi mwenyewe, dirishani, kwa sababu nilitaka mwanga wa kusagia. Nikaweka betri karibu na mashine, na maji karibu na betri. Nimepanga tela kwa macho ya fundi wa miwani, sikulipanga kwa macho ya dereva." Kisha akainua kidevu. "Mficha uchi hazai. Sasa tuzae."

Jumatano alimwita Mjomba. Alikuja haraka, nadhani alitegemea kusikia kwamba tumekubali. Mama Mkubwa alimpa ufunguo.

"Endesha wewe. Mpaka darajani na kurudi. Miaka thelathini umeendesha malori, sitakufundisha kitu. Ukirudi uniambie."

Tela lilikuwa bado limepangwa kama zamani na mabamba ya Nyundo yalikuwa bado yamo. Mjomba alitoka kwa mbwembwe, mkono mmoja dirishani. Alirudi akiwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili, na shati limemganda mgongoni.

"Enhe?" aliuliza Mama Mkubwa.

"Upepo," alisema Mjomba.

Nguo nilizoanika kwenye kamba zilikuwa zimening'inia kimya kabisa. Mjomba aliweka ufunguo juu ya boneti, akasema tutaonana Ijumaa, na muuza kokoto atakuwepo nyumbani kwake jioni ya siku hiyo kwa ajili ya makabidhiano.

"Mkaribishe chai," alisema Mama Mkubwa. "Chai ndiyo atakayoipata."

Ikabaki siku moja na nusu. Kwanza tulirudi kwa Nyundo kumwomba ayatoe mabamba aliyoyaweka, kwa sababu mzigo wa shingo ukipungua yangelinyanyua gari nyuma. Alikataa katakata.

"Mimi sijawahi kutoa springi niliyoongeza. Watu watasema nini? Kama shida ni shingo, Mama, sukuma mashine na kila kitu kule mlangoni nyuma. Shingo itakuwa nyepesi, mkia wa gari utainuka wenyewe."

"Na tela litaanza kucheza barabarani, litanivuta mpaka mtaroni. Shingo ikiwa nyepesi mno ni kifo kingine. Nataka fungu moja katika kumi, Nyundo, sitaki sifuri. Toa mabamba."

"Sitoi."

"Vizuri. Niazime spana."

Akalala chini. Mwanamke wa miaka sitini na mmoja, na goti lake lile, akajivuta kwa mgongo chini ya pikapu katikati ya karakana ya wanaume, akaanza kuhangaika na nati ya kwanza. Alikuwa anaizungusha kwa upande usio sahihi. Mafundi wengine waliacha kazi. Mmoja akaanza kucheka, mwingine akamwambia Nyundo kwamba mama wa watu akifa humo chini, mji mzima utasema springi zake ndizo zilizomuua. Nyundo alivumilia nati moja. Ya pili hakuiweza. Alimvuta miguu taratibu, akamtoa, akaingia mwenyewe huku akinung'unika kwamba wanawake wa kizazi kile hawakufunzwa kuchoka. Akayatoa yote sita.

Siku ya Alhamisi ilikuwa ya fundi wa kuchomelea. Kitanda kilitolewa katikati kikahamia mbele, kwa sababu godoro na mbao si uzito wa kutisha. Mashine ikaja katikati, juu kabisa ya ekseli ya tela, betri zikapangwa kila upande wake, na makabati ya lenzi yakabaki ubavuni. Katikati palikuwa na giza, kwa hiyo fundi akakata dirisha jipya ubavuni, cheche zikiruka hadi kwenye sahani yangu ya wali. Kuhusu pipa la maji, Mama Mkubwa alisimama mbele yake mikono kiunoni, akalitazama kama mtu aliyemgundua ndugu anayekula bure.

"Kila mahali ninapokwenda watu wanakunywa maji," alisema. "Kwa nini nayabeba?" Akafungua koki, lita mia zikaondoka kwenda kwenye bustani ya jirani. Tangu siku hiyo anasafiri na pipa tupu, analijaza akifika.

Tulipima tena kwa ubao na tofali. Thelathini. Mara tatu, tisini. Kwa tela lililopungua maji, ndipo panapotakiwa hasa. Tulifunga pikapu, nikashika futi mimi: mbele, kutoka themanini na nne hadi themanini na tano na nusu. Nyuma palishuka sentimita tano tu, wakati zamani palishuka kumi. Gari liliinama kidogo, kwa heshima. Mama Mkubwa aliliendesha hadi mzunguko wa barabara kuu na kurudi, akashuka, akaenda kuoga. Nilimsikia anaimba bafuni.

Ijumaa asubuhi Mjomba alikuja amevaa koti, kadi ya gari iko mfuko wa ndani. Alikaa kwenye usukani kwa sababu ndiye mwenye jina. Mama Mkubwa katikati, mimi mlangoni. Kwenye kona ya darajani nilimwona Mjomba akikaza mikono, akijiandaa, kisha akailegeza. Baada ya hapo alilishusha gari mteremko wote kwa vidole.

Uwanja wa ukaguzi ni sakafu ya saruji yenye mistari, na ubao mweupe mwishoni wa kupimia taa. Mkaguzi alikuwa kijana mwenye kalamu mbili sikioni. Alizunguka gari mara moja, akainama nyuma.

"Bado limeinama, Mama."

"Limebeba, mwanangu. Wewe ukibeba gunia huinami?"

"Ningekuwa wewe ningeongeza springi."

"Ziliongezwa. Nimezitoa."

Kijana alisimama wima. Nadhani hajawahi kuambiwa hivyo. Mama Mkubwa akampa vidonge vyake vyote kwa mpigo: themanini na nne, themanini na saba, mia na sabini na nne, tisini, ubao, tofali. Akamwambia kama anataka kulikataa alikatae kwa kipimo, si kwa jicho, kwa sababu jicho yeye analijua, ameishi nalo maisha yake yote, na jicho ni mwongo mkubwa. Magari ya foleni nyuma yetu yakaanza kupiga honi. Mkaguzi akakuna kichwa, akamgeukia Mjomba.

"Mzee, kadi inasema gari ni lako na wewe ndiye uliyelileta. Usukani ukoje?"

Mjomba angeweza kusema neno moja tu, "mwepesi", na kila kitu kingekwisha hapo. Muuza kokoto alikuwa anasubiri. Chumba cha nyuma kilikuwa kimeshapigwa deki. Hakuna mtu duniani angeweza kumpinga, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa ameshika usukani. Mama Mkubwa hakumtazama. Alitazama mbele.

Mjomba alijitazama mikono.

"Jumatano ulikuwa haushiki," alisema, kwa sauti ya mtu anayetapika dawa. "Niliogopa. Leo unashika. Hili gari ningelipeleka popote."

Mkaguzi aliwasha taa, akaenda kwenye ubao mweupe. Mwanga ulikuwa chini ya mstari, taa zote mbili. Alipima breki, akagonga muhuri, akarudisha kadi kwa Mjomba.

Mama Mkubwa akanyoosha mkono kuipokea. Mjomba hakuiachia.

"Gari zima haliuzwi kwa ubovu, kaka. Umesema mwenyewe mbele ya serikali. Kama una sababu nyingine, itoe hapa hapa."

Honi zilizidi. Mjomba alitazama huku na huku, kisha neno likamtoka. "Wewe ni mdogo wangu. Mwanamke mzima analala njiani ndani ya sanduku. Watu wananiuliza kama hana ndugu. Mimi nijibu nini?"

"Wajibu kwamba anao. Na kaka yake akiulizwa ukweli, anasema."

Mjomba akaiachia kadi. Mama Mkubwa alisema Jumatatu watakwenda pamoja ofisi ya usajili kubadilisha jina, kisha akajirekebisha: Jumatatu ya wiki tatu zijazo, kwa sababu kuanzia leo ana safari.

"Leo?" niliuliza.

"Mzigo umo, lenzi zimo, muhuri umegongwa. Nirudi nyumbani kuchukua nini? Shukeni."

Tulishuka. Alihamia kwenye usukani, akavuta kiti mbele, akapita katikati ya foleni ya magari yaliyokuwa yanatupigia honi, naye akawapigia yake. Alikunja kushoto kwenye barabara kuu bila kupunguza mwendo, na tela likamfuata vizuri.

Mjomba na mimi tulianza kutembea. Hatukuwa tumejiandaa kwa miguu. Yeye na koti lake, mimi na viatu vya kanisani. Tulikuwa tumefika mbali aliponiuliza.

"Atalala wapi leo?"

Nikamwambia, "Kwake, Mjomba."